Kelele ya Upande wa Barabara

Ilikuwa sauti ya fimbo ikipiga maji. Chwa. Kimya. Halafu tena, chwa.

Matumaini alifumbua macho gizani, akabaki vilevile alivyolala, maana mwili ulijua kabla ya akili. Kalume mumewe hakuwepo, alikuwa baharini na mashua ya kuvua kamba, na binti yao Tania alikuwa amelala ubavuni akipumua kwa mdomo. Bahari ilikuwa nyuma ya nyumba, penye gati. Lakini sauti ilitoka mbele, upande wa barabara, na huko hapakuwa na maji. Palikuwa na lami, mchanga, na gari bovu la jirani.

Nyumba yenyewe, kama nyumba zote za kisiwa kile kidogo kusini mwa Houston, ilisimama juu ya miguu ya mbao mirefu kupita mtu, ili tufani ikija maji yapite chini. Kisiwani kulikuwa na duka moja, kanisa moja, mashua za kamba, na kivuko cha kwendea bara. Kalume alipoipata ile kazi alicheka kama mtoto. Kisiwa cha wavuvi, mke wangu, alisema, kama nyumbani kabisa. Wenzake mashuani walimtania wiki nzima: mtu wa ziwa, anatapika baharini.

Nyumbani kulikuwa kisiwa cha Ziwa Kivu, kidogo hivi kwamba kwenye ramani ya shule ya sekondari aliyosoma Matumaini ungedhani nzi amechafua karatasi. Huko walivua kwa kutwanga maji. Wanaume walitandaza wavu upande mmoja, kimya kabisa. Upande wa pili wanawake na watoto walijipanga majini nusu duara, kila mmoja na fimbo, wakatwanga huku wakisogea. Samaki alikimbia kelele, akatafuta mahali penye kimya, na kimya ndiko kulikokuwa na wavu.

Yeye alitwanga tangu miaka sita, bega kwa bega na Bibiche, mtoto wa baba yake mdogo, msichana wa uzi mwekundu kifundoni. Mara nyingine samaki mkubwa, mjanja, aligeuka akarudi kwenye kelele ileile akapita katikati ya miguu ya watoto. Unamsikia ngozini, baridi, amekwenda. Hapo ulikuwa hupaswi kusema, mwenye wavu angekuchapa, basi walifungana vidole vidogo wakaapa: sisemi kwa mwingine. Kisha Bibiche alipofika miaka tisa ziwa lilimchukua, na halikumrudisha.

Chwa. Sasa ilikuwa imefika chini ya ngazi.

Matumaini alimbeba Tania akahamia chumba cha nyuma, upande wa bahari, akafunga mlango. Huko kulikuwa kimya, kimya kizuri, na upepo ukipita dirishani. Wakalala.

Asubuhi alishuka ngazi za mbele na kukuta zimelowa, kidato kwa kidato, kama mtu amepanda na miguu ya maji. Kila kitu kisiwani pale kilikuwa na chumvi, hata kioo cha dirisha, hata midomo ya mtoto ukimbusu. Aligusa yale maji kwa kidole, akaonja.

Hayakuwa na chumvi. Yalikuwa maji ya ziwa, matamu, yenye harufu ya tope na sambaza, dagaa wa kwao, waliokaushwa juani.

Mara akasikia mtu akiongea. Tania alikuwa amechuchumaa juu ya ngazi, anachungulia kwenye nafasi za mbao, na alipoulizwa anaongea na nani alijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba watoto wa chini wanamwita wakacheze kwenye gati.

Matumaini akampigia simu Mama Clarisse, huko Cedar Hill. Mama Clarisse ndiye aliyempokea Tania alipozaliwa, kwa mikono yake, ndani ya mtumbwi, usiku walipoikimbia vita, na hata hapa Marekani akina mama wa kwao walimwendea kwa maombi mambo yakiwazidi.

"Wamerudi, Mama," alinong'ona, na maneno yakamtoka yakikanyagana, fimbo, ngazi, maji matamu, mtoto anaitwa, Kalume yuko baharini, gari lake liko ng'ambo, hata pa kukimbilia sijui, Mama, sijui.

Mwanamke mzee alimwacha amalize.

"Wanatokeaka upande gani?"

"Wa barabara, kaskazini."

"Na bahari?"

"Nyuma."

"Kule Fort Worth walianzia wapi?"

Alikumbuka. Fort Worth walikuja kwenye ukuta wa kaskazini, Kalume akasema ni mabomba tu, na ni yeye Matumaini aliyelia mpaka wakahama. Cedar Hill, kaskazini tena, ni yeye aliyesema twende. Houston, nyuma ya maegesho ya magari, kaskazini, na ni yeye aliyefunga mizigo siku ileile Kalume aliposema amepata kazi kisiwani. Kila mara alikimbia. Kila mara mahali papya palikuwa na kimya. Na kila mara palikuwa karibu zaidi na maji, na sasa ardhi ilikuwa imekwisha.

"Samaki haogopi wavu, mwanangu," alisema Mama Clarisse. "Wavu haupigi kelele."

Kisha akamwambia kitu ambacho alikuwa amekifunga kifuani miaka yote. Kwao samaki wa kwanza hurudishwa, ni wa Mwenye Maji, jini wa ziwa, kila mtoto anajua. Na usiku ule, katika mtumbwi ule, wa kwanza kupokewa juu ya maji yake alikuwa Tania. Yeye mzee alitaka amtumbukize kidogo na kumwomba tena kwa mwenyewe, lakini risasi zilikuwa ufukweni, nao wakapiga kasia. Tangu hapo anaomba na kufunga.

"Lakini maombi yangu yako huku, na wewe uko ndani ya wavu. Nikuulize. Tulipokuwa tunatwanga, samaki gani aliponaka?"

Matumaini alikuwa akijua.

"Basi usikimbie," alisema yule mzee. "Na miguu utakayoiona, usiangalie juu yake."

Kivuko kilikuwa kimelala hadi kesho, upepo ulikuwa mbaya. Giza likaingia. Matumaini alikaa mezani na taa zote zikiwaka, mtoto mapajani, na aliposinzia kitambo kidogo, kidogo tu kama kufumba jicho, aliamshwa na wepesi wa mapaja yake. Taa zilikuwa zimezimika. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Na kelele ilikuwa imeanza, si fimbo moja sasa, nyingi, zinatwanga kwa zamu kutoka mlango wa mbele mpaka kona zote mbili za nyumba, chwa, chwa, chwa, na sakafu ikitetemeka, na harufu ya tope ikipanda katikati ya mbao, na kule mbele ya macho yake Tania katika gauni lake la kulalia akitembea polepole kuelekea mlango wa nyuma, kuelekea kile kimya kizuri na ule upepo na ngazi zinazoshuka mpaka gatini, na miguu ya Matumaini mwenyewe ikitaka kumfuata, Mungu wangu, ikitaka kwa nguvu, maana kila kilicho hai hukimbia kelele.

Alimdaka begani. Akamfunga mgongoni kwa kitenge, mafundo mawili, akageuka, akafungua mlango wa mbele, akashuka ngazi.

Barabara haikuwepo. Palikuwa na maji meusi mpaka magotini, baridi kama asubuhi za kwao, na ndani ya maji palikuwa na miguu. Aliona miguu tu kwa sababu alikuwa amekwisha kuinamisha kichwa, miguu mirefu, imevimba, myeupe kwenye mikunjo, imepangwa nusu duara kuizunguka nyumba kama nguzo nyingine, na fimbo zikishuka kati yake, na alipoingia majini akainama akaenda karibu kwa kutambaa, kidevu kikigusa maji, mtoto akihema shingoni, ile miguu ilianza kubanana, huku ikiziba na kule ikiziba, akaenda kushoto pakafungwa, akarudi kulia pakafungwa, na nyuma yake kimya kilikuwa kinamvuta kama kamba kiunoni.

Akasimama mbele ya jozi ndogo. Miguu ya mtoto. Kifundoni palikuwa na uzi mwekundu.

Hakuangalia juu. Alitaka, lakini hakuangalia. Alisema tu jina, bila sauti.

Ile miguu midogo ikatanuka.

Akapita. Alihisi ngozi ya baridi ikimgusa begani, na sauti kwa lugha ya kisiwa chao cha Kivu, karibu sana na sikio, ikasema neno lake la zamani. Kisha mikono yake ikagusa lami. Ilikuwa kavu.

Alfajiri ilimkuta kituo cha kivuko, pekupeku, Tania bado mgongoni. Kwa mbali nyumba yao ilionekana imesimama juu ya miguu yake, mlango wa nyuma wazi. Hakurudi kufunga. Alimwachia mwenye kivuko ujumbe wa kumpa Kalume: awafuate Cedar Hill, na asipitie nyumbani kuchukua chochote.

Kivuko kilipofika katikati ya maji Tania aliamka, akauliza yule msichana alisema nini.

"Alisema hatamwambia mwingine," Matumaini alijibu, na alipotaka kumweleza kwamba na wao pia wanyamaze, baba asijue, Mama Clarisse asijue, mtu yeyote asijue, mtoto alikuwa tayari amenyoosha kidole chake kidogo, kimekunjwa vilevile walivyokunja wao zamani, jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kumfundisha.

"Nani alikuonyesha hivi?"

"Yeye," alisema Tania, kwa Kiswahili safi.

Kidole chake kilikuwa kimelowa. Matumaini alitazama maji pande zote, akakifunga na chake.

"Sisemi kwa mwingine," alisema mtoto.

"Sisemi kwa mwingine," alisema mama.