Bi Kidawa Hakumuuliza Baba

Asubuhi ile Nuria alikuwa anawachapia watu barua za kuomba kazi kwenye steshenari yake ndogo pale Picha ya Ndege, Kibaha. Foleni ilifika mpaka nje. Kijana mmoja mrefu, shati la bluu limenyooka pasi lakini buti zimejaa vumbi jekundu, akajipenyeza mpaka kaunta.

"Dada, nisaidie, nina haraka."

"Hata hao wa nyuma yako wana haraka. Panga foleni, kaka."

Watu wakacheka. Akarudi nyuma. Zamu yake ilipofika akatoa karatasi moja tu, ramani ya kiwanja.

"Kopi ngapi?"

"Moja. Kesho nitaleta nyingine."

"Si utoe zote leo?"

"Sasa kesho nitakuja na sababu gani?"

Huyo ndiye Hashiru, mpima viwanja wa Kisarawe. Kesho yake alikuja kweli, na kesho kutwa. Mwezi wa tatu akaja bila karatasi yoyote.

Mwaka haujaisha, shangazi yake Hashiru, Bi Kidawa, akatoka Kisarawe kuja kuuliza habari za ukoo kabla posa haijaletwa. Alivaa dera la zambarau na mtandio wa maua, manukato yamejaa sebule nzima. Alimtazama mama yake Nuria kuanzia juu mpaka chini.

"Mama Nuria, afya vipi? Na mama yako, yupo?"

"Mimi mzima. Mama yupo, ana miaka themanini na bado analima."

"Alhamdulillahi. Basi hamna neno. Jumamosi ya wiki ya pili wazee wataleta barua."

Baba yake Nuria alikuwa amekaa pale pale, soda mkononi. Hakuulizwa kitu. Kwa Bi Kidawa, ugonjwa wa ukoo unafuata tumbo la mama tu.

Nuria alikuwa mlangoni na sinia. Akarudi nalo jikoni.

Mwezi mmoja kabla ya hapo, alipoenda kuulizia vifo vya upande wa baba, daktari mmoja wa Dar alimchorea ukoo wao kwenye karatasi. Dada mmoja wa baba alikufa kwa saratani ya titi, mwingine ya ovari, vifuko vya mayai ya uzazi, na baba mkubwa ya tezi dume. Nyumbani walidhani ni magonjwa matatu tofauti. Daktari akasema huenda yote yanatokana na jeni moja yenye hitilafu, na mtu anaweza kuirithi kwa baba sawasawa na kwa mama. Wakampima damu. Anayo.

"Haina maana unaumwa," daktari alimwambia. "Ila hatari yako ni kubwa kuliko ya wengine, kwa hiyo tutaanza kukuangalia mapema."

Tangu Bi Kidawa aondoke, Nuria hakupokea simu za Hashiru. Siku ya tano Hashiru akapiga kwa namba ya rafiki yake.

"Umenichunia kwa nini?"

"Nina kazi nyingi."

"Kazi gani? Au umepata wa Dar, mwenye gari?"

"Hashiru, usinizingue."

"Basi njoo Jumapili huku Kisarawe, uniambie usoni."

Akaenda. Gauni la kijani, hereni ndogo, mdomo hajapaka kitu. Walikaa kwenye kibanda cha chipsi karibu na stendi, upepo wa mlimani unapeperusha kitambaa cha meza.

"Kipenzi, umekonda."

"Sijakonda. Nisikilize."

Akamweleza yote bila kulia, kama anamsomea mteja barua yake.

"Kwa hiyo una kansa?"

"Hapana."

"Utapata?"

"Sijui. Naweza kupata, naweza nisipate."

"Na watoto?"

"Kila mtoto, nusu kwa nusu kurithi. Wa kike na wa kiume."

"Lakini shangazi aliuliza!"

"Aliuliza kwa mama. Baba alikuwa amekaa mbele yake."

Hashiru akaisukuma sahani. Chipsi zilikuwa zimeshapoa.

"Shangazi keshatangaza huku kwamba nyie mko safi. Ungenyamaza tu, Nuria. Ningekuoa, nisingejua kitu."

"Ndiyo maana nimekuja."

Alimsindikiza mpaka kwenye basi, akamshika mkono muda mrefu. "Nipe siku chache," akasema.

Jumamosi ya posa ikafika. Mama alikuwa ameazima vikombe kwa jirani. Jioni akavirudisha, havijatumika.

Jumapili mchana Nuria akaandika, akafuta, akaandika tena, akatuma: "Kesho saa mbili asubuhi naenda kupimwa matiti hospitali, kwa yule daktari wa Dar. Usije kwa kunionea huruma. Ila ukija kwa sababu unataka, nitakuwa kwenye benchi la nje, nitakushikia nafasi."

Tiki mbili, zikageuka bluu.

Akaanza kukunja nguo zilizotoka kwenye kamba. Alipomaliza shuka la mwisho akaishika simu. Hashiru hakuwa amejibu. Akatega kengele ya saa kumi na moja alfajiri, aende hata kama ni peke yake.