Kundi la Wasioimba

Lugano alimwona Nyamizi soko la Mwanjelwa, Mbeya, amefunga kitenge cha njano, anapepeta mchele wa Madibira. Kando yake mama yake anaimba Kisukuma, anakohoa, anaimba tena.

"Kilo ngapi, kaka?"

"Sijaja kununua, naandikisha wenye pumu."

"Basi sogea, unawazibia wateja."

Mapenzi yakaanzia hapo. Lugano alikuwa anawasaidia watafiti waliotaka kujua kama kuimba kunawapa nafuu wenye pumu. Kundi moja lingefundishwa kuimba kila Jumanne. La pili lingesubiri miezi mitatu, kisha wote wapimwe pumzi. Kura ilipopigwa, Mama Nyamizi akaokota kikaratasi cha kundi la pili. Bosi wa Lugano alisema kundi hilo wasije darasani tu, basi. Lugano kwa kiherehere chake akakaza: "Hata nyumbani msiimbe, mtaniharibia kazi!"

Mama akaacha kuimba. Kanisani alifumba mdomo. Nyamizi alidhani ana msiba moyoni, akamvumilia wiki nane, ndipo akamuuliza.

"Mchumba wako alinikataza," mama akajibu. "Nami nikakubali."

Nyamizi akapiga simu Iringa, Lugano alikokuwa kikazi.

"Haloo, laazizi wa—"

"Koma! Umemfunga mama yangu mdomo!"

"Nilitaka kazi itoke safi, mpenzi."

"Mama yangu ndiye uchafu? Futa jina lake leo!"

"Zimebaki wiki nne tu, Nyami. Bosi ata—"

"Kamuoe bosi wako!" Akakata.

Kesho yake Lugano akaingia sokoni, suruali vumbi tupu, macho mekundu.

"Shikamoo, mama. Kosa ni langu. Nafuta jina lako, uimbe."

Mama akabwaga ungo, mchele ukamwagika.

"Ufute? Mjukuu wangu kabatizwa, wenzangu wanaimba, mimi nimekaa kama jiwe! Leo ufute, ionekane sikufanya kitu?"

"Mama, mimi ndiye niliyemwambia afute," Nyamizi akasema.

"Nani alikutuma?" Akamgeukia Lugano. "Kaa hapo. Andika ulichotukataza. Andika silali. Andika nimempiga mbuzi wa jirani bila kosa. Bosi wako asome yote."

Lugano akakaa juu ya gunia, akaandika. Nyamizi akasimama nyuma yake, mikono kiunoni, anasoma kila neno.

"Mbuzi hujamwandika."

"Namwandika. Nyami... na ndoa yetu?"

"Andika kwanza."