Waya wa Simu Ulioleta Polisi Makongeni

"Fungua! Fungua kabla tuvunje!"

Jamani wasomaji, ugali uko motoni, mwiko mkononi… wanaume watatu ndani!

Mmoja akamshika binti yangu Phelister. Mwingine akang'oa kompyuta na waya wake wa simu.

Ilikuwa 1996. Internet tulikuwa hatuijui. Shirika alilofanyia kazi Phelister lilimpa hiyo kompyuta. Ilikuwa inapiga simu London, inaacha barua za watu, inachukua majibu, inakata. Majirani wakawa wanasalimia watoto wao ng'ambo.

"Maneno ya kutoka nchi hii yanapitia mlango wa serikali peke yake," mkubwa wao akasema. "Nani alikupa ruhusa?"

Phelister na huo mdomo wake…

"Afande, na mlango wenu unafungukia wapi? Si kwa Wazungu? Siku mtakosana wafunge upande wao, mtanikamata mimi tena?"

Wueh! Nikajua nimezika mtoto.

"Nyamaza! Afande, msamehe, ni utoto!"

"Mama, huyu atafunzwa adabu ndani."

Wakaenda naye. Enzi zile mtu akichukuliwa hivyo hukuuliza. Uliomba tu.

Nikakimbia kwa jirani, Luseno. Alifanya kazi kwa shirika la simu la serikali. Nani mwingine angejua?

"Luseno! Umeuza mtoto wangu!"

"Mimi, Mama Phelister?"

"Nyoka wewe! Na chai yangu unakunywa!"

Akaniangalia kwa huruma.

"Jumapili hukuja kanisani?"

"Nilikuwa na mgonjwa."

"Beldina alisimama kutoa ushuhuda. Kijana wake ameandika kutoka Urusi, yuko hai. Akasema, 'Bwana asifiwe! Barua imekuja kwa kompyuta ya Phelister, haikupitia posta wala simu ya serikali!' Kanisa lote likapiga makofi… Na mgeni mmoja wa benchi ya mbele akapiga pia. Kumbe ni askari kanzu."

Beldina! Rafiki yangu! Ati kwa furaha!

Phelister alirudi Ijumaa, mguu umevimba. Aliyemwekea dhamana? Luseno, huyo nyoka wangu. Kompyuta haikurudi.

Wazazi, leo simu iko kwa kila mfuko na mnaona ni yenu. Mlango bado una wenyewe, hapa na huko ng'ambo, na wakikosana ni sisi tunafungiwa nje. Waambieni watoto wasitangaze kila kitu.

Mimi mpaka leo, mtu akisimama kutoa ushuhuda, sisemi amina… kwanza naangalia benchi ya mbele.