Neno Lililomfanya Daktari Atabasamu

Kila asubuhi kabla ya shule, Chiriku alimbembeleza mdogo wake huku mama akimalizia nguo za wateja. Jina hilo alipachikwa na majirani kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Asubuhi moja, hata hivyo, alikuwa kimya. Mtoto alikuwa amekohoa usiku kucha, na sasa hata kunyonya hakutaka. Mama akaacha gauni chini ya sindano ya cherehani, wakaenda kituo cha afya.

Daktari aliyekuwa zamu alikuwa mgeni, na Kiswahili chake kiliishia kwenye salamu. Muuguzi aliyezoea kumtafsiria alikuwa ameitwa kuzalisha. Chiriku akajitosa. Darasani alishika vizuri kanuni kwamba quick huwa quickly, na slow huwa slowly. Kwa hiyo alipoulizwa usiku ulikuwaje, akajibu kwa kujiamini, "He coughed hardly all night."

Daktari akatabasamu. "Good," akasema, akaweka chini kifaa cha kusikilizia kifua na kumtazama mgonjwa aliyefuata.

Chiriku akashtuka. Kukohoa usiku kucha kumekuwaje kuzuri? Angeweza kunyamaza, aibu isimpate. Mama alishaanza kumfunga mtoto mgongoni. Lakini mbavu za mdogo wake zilikuwa zikibonyea kila alipovuta pumzi. Chiriku akashika mkono wa koti la daktari, akamwambia kwa Kiingereza kwamba neno alilotumia yeye halikuwa sahihi. Kisha akakohoa mwenyewe, kwa nguvu, mpaka machozi yakamlengalenga.

"He coughed hard," daktari akasema taratibu. Tabasamu lilikuwa limekwisha. Akaomba mtoto ashushwe, akamsikiliza kifuani na mgongoni kwa muda mrefu. Ilikuwa nimonia. Mtoto akalazwa na kuanza dawa saa ileile, na baada ya siku chache akarudia kunyonya kwa pupa.

Muuguzi aliporudi siku ileile na kusimuliwa yote, alimfafanulia Chiriku kwamba hard ni kwa nguvu, lakini hardly ni kama kusema karibu hakuna. Yaani alikuwa amemwambia daktari kwamba mtoto karibu hakukohoa kabisa. Herufi mbili tu, l na y, zilitosha kumfanya mgonjwa aonekane mzima. Chiriku akayatamka maneno yale moja moja, kwa sauti ya chini, kama mtu anayepita mahali palipolala simba.

"Maneno kufanana si kuwa ndugu, mwanangu," muuguzi akasema. "Nami hukosea. Lakini wewe uliitazama sura ya daktari, ukajua umekosea, ukasema palepale. Kujua lugha ni pamoja na hilo."