Kufuli ya Upande wa Pili

Kila asubuhi mzee waliyemwita Mwendo Pole alipita na pikapu yake kuukuu kukusanya maziwa ya majirani na kuyapeleka kituoni. Mkewe alikaa kando yake, akipokea makopo na kusalimiana na watu. Gari lilikuwa zee, lakini mlima ulikuwa haujalishinda.

Mvua zilipoanza, mlima ukalishinda. Magurudumu ya nyuma yalizunguka palepale yakirusha tope. Ya mbele yalitulia tu, kama wageni wasioalikwa. Maziwa yakachacha. Siku nyingine yakachacha tena. Mwishowe jirani mmoja akasema, "Mzee, hatukufukuzi. Lakini tukimwaga tena, tutatafuta gari jingine."

Mwendo Pole alirudi nyumbani, hata chai hakuitaka.

"Giaboksi imekufa," alimwambia mkewe. "Tuliuze tu, liwe vyuma chakavu."

"Umeiona kwa macho au kwa hasira?"

Mkewe akamwita mpwa wake, fundi wa magari.

Fundi alikuja na jeki. Giaboksi hakuigusa. "Tuanze na yaliyo rahisi, mzee. Kufungua giaboksi ni kazi ya mwisho."

Waliliweka gari mahali tambarare, wakazima injini, wakayazuia magurudumu ya nyuma kwa mawe. Kisha wakayainua ya mbele.

"Gari la zamani kama hili halijifungi lenyewe," fundi alimweleza shangazi yake. "Kuvuta gia ndogo humo ndani, ile ya kupeleka nguvu mbele, hakutoshi. Kila gurudumu la mbele lina kufuli yake hapa katikati. Lazima ushuke, uzizungushe zote mbili kwa mkono."

"Nani asiyejua hilo?" Mwendo Pole alikunja uso. "Nilikuwa nazifunga wewe hujazaliwa!"

Fundi akacheka. Alizungusha gurudumu la upande wa dereva. Ekseli, ule mhimili wa chuma ulio nyuma yake, ikazunguka nalo. "Hili limeshika." Akaenda upande wa pili. Gurudumu lilizunguka peke yake, ekseli haikutikisika. Akainama. Kufuli ilikuwa kwenye alama ya kufungua, imegandwa na tope la zamani.

"Mzee, hii hufungwa na nani?"

Mwendo Pole akajifanya anakagua jeki.

"Siku hizi unashuka, unainamia gurudumu lako, halafu unapanda," mkewe alisema taratibu. "Mimi nilidhani unakagua upepo."

"Ni goti," alisema Mwendo Pole, akitazama chini. "Kuzunguka mbele ya gari kwenye utelezi, linaniuma. Nikasema moja itatosha. Nusu ya nguvu si nguvu?"

"Na mimi nimekaa pale pembeni yako! Ulikuwa umebeba mke au gunia?"

"Hapo hakuna nusu, mzee," fundi alisema. "Nguvu ya injini hukimbilia upande ulio mwepesi. Ukiacha kufuli moja wazi, ekseli ya upande huo inazunguka bure. Lile gurudumu ulilolifunga halipati kitu."

Aliifungua ile kufuli, akaiosha kwa mafuta ya taa, akaikausha na kupaka grisi mpya kidogo. "Grisi ikizidi, itaganda na kukwamisha." Shangazi akaizungusha mwenyewe hadi ikalia ta! Fundi akazungusha gurudumu la dereva. La upande wa pili nalo likazunguka, likirudi kinyume.

"Yakiwa hewani, kuzunguka kinyume ni dalili kwamba sasa yanasikilizana. Ila mkifika kwenye lami kavu, toeni gia ndogo. Lami haitelezi, vyuma vitavutana mpaka vikatike."

Kesho yake mvua ilinyesha. Chini ya mlima, Mwendo Pole alisimamisha gari, akashuka polepole.

"Yangu tayari!" mkewe aliita kutoka upande wa pili.

"Yangu bado."

"Usijikaze. Mlima hauendi popote."

Pikapu ilipanda taratibu, magurudumu yote manne yakiuma tope. Maziwa yalifika yakiwa mazima.

Waliporudi, yule jirani alifunua kopo lake tupu, akanusa, akatabasamu. "Mzee, kesho uanzie kwangu."

"Muombe huyu," Mwendo Pole alijibu, akimwonyesha mkewe aliyekuwa akifuta tope mikononi. "Asiposhuka yeye, gari halipandi."