Mistari Aliyoiruka Haji

Kila Ijumaa asubuhi Sabra hukaanga visheti. Jiko lao huku ughaibuni, mtaa wa Al Mansoura, halina nafasi ya watu wawili, naye anapenda hivyo. Sabra haoni. Aliugua macho akiwa mtoto huko Unguja. Lakini mafuta yakichemka anajua kwa sauti, na kisheti kikiiva anajua kwa harufu. Ukiingia kumsaidia bila kuombwa, utafukuzwa.

Mumewe, Haji, ni msimamizi wa madereva wa hoteli. Ni mtu mpole. Anampenda mkewe kupita kiasi, na utaona kwamba hata mapenzi yana makosa yake.

Sabra alikuwa na mimba ya miezi saba, mimba yake ya kwanza. Alitaka kujua kila kitu. Bahati nzuri, jirani yao Gakii ni nesi kutoka Kenya. Gakii na mumewe Joram, fundi wa kompyuta, walikuwa wameanzisha tovuti ya elimu ya afya kwa Kiswahili. Mabango yake yalipendeza kwa rangi na maua. Watu waliyasambaza kwa simu, kutoka mji wa Lusail hadi ule wa Umm Salal.

Simu ya Sabra husoma maandishi kwa sauti. Anapitisha kidole juu ya kioo, nayo inamtamkia kilichopo. Ndivyo anavyosoma ujumbe na habari. Lakini alipofungua tovuti ya Gakii, simu ilisema, "Picha." Akasogeza kidole. "Picha." Akasogeza tena. "Kitufe." Kitufe cha nini? Simu haikusema.

Ikabidi amwombe Haji amsomee.

"Dalili za hatari kwa mama mjamzito," Haji alisoma. "Wanasema... ule vizuri, unywe maji, upumzike."

"Basi?"

"Basi."

"Hizo ndizo hatari zenyewe? Kunywa maji?"

Haji akacheka, akaenda kuoga.

Ijumaa iliyofuata Gakii alikuja kuchukua visheti vyake.

"Mtoto anacheza vizuri?" aliuliza.

"Anacheza, alhamdulillahi. Mama mkwe ameniambia kwa simu kwamba siku zikikaribia atapunguza, nisiogope."

Gakii aliweka sahani chini.

"Aki Sabra, hapana! Hiyo si kweli. Mtoto anacheza mpaka siku ya kuzaliwa. Akipunguza kuliko kawaida yake, unaenda hospitali hapo hapo. Si tumeiandika kwa tovuti, tena kwa herufi kubwa nyekundu? Kwani Haji hakukusomea?"

Haji alikuwa mlangoni. Alitazama miguu yake.

"Niliiona, nikaruka," alisema. "Kuna kutoka damu, kuna degedege, kuna mtoto kufa tumboni. Nitamsomeaje mke wangu mambo hayo? Nilimwonea huruma."

Sabra alizima jiko. Alikasirika hasa, na alikuwa na haki.

"Huruma gani hiyo, Haji? Ukiwa kazini nabaki peke yangu na huyu mtoto. Hatari ikija itanikuta mimi, na mimi ndiye uliyenificha. Wazee wamesema mficha uchi hazai. Wewe umenificha mwili wangu mwenyewe!"

"Nisamehe. Kuanzia leo nitakusomea kila mstari."

"Sitaki unisomee. Nataka nijisomee. Kuna mambo ya kike sitaki kuyasikia kwa mdomo wa mtu, hata wako."

Gakii hakupoteza muda. Alimpigia simu mumewe, na Joram akaja na ndala zake, akiwa na hakika kwamba tovuti yake haina kasoro. Sabra alimsogezea simu. "Picha," ilisema. "Picha. Kitufe."

Joram aliketi.

"Shemeji, kosa ni langu," alisema. "Simu yako inasoma herufi zilizochapwa kama herufi. Mimi nilitia maneno ndani ya picha. Mwenye macho anayaona. Simu haiyaoni. Inajua tu kuna picha hapo."

"Kwa hivyo anunue simu nyingine?" Haji aliuliza.

"Simu iko sawa. Ni tovuti ndiyo inatakiwa kurekebishwa."

"Kwanza fumba macho, kaka Joram," Sabra alisema. "Nitafutie kwenye tovuti yako namba ya dharura."

Joram alifumba macho, akapapasa. Alipotea mara moja. Akabonyeza asichokijua, na video ya Gakii kuhusu kunawa mikono ikaanza kupiga kelele chumba kizima. Gakii alicheka mpaka machozi yakamtoka.

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," Sabra alimwambia. Hasira yake ilianza kupoa.

Walianza kazi jioni ile ile. Joram aliandika upya maneno ya kila bango kama maandishi ya kawaida. Kila picha aliipa maelezo mafupi ambayo simu inaweza kuyatamka: "Mama mjamzito amelala kwa ubavu." Vitufe navyo vikapewa majina, kama vile "Piga simu ya dharura." Aliweka vichwa vya habari ili msomaji aruke moja kwa moja hadi sehemu anayoitaka.

Mara ya kwanza sauti ilisoma Kiswahili kama Mwingereza aliyeshuka uwanja wa ndege jana. Joram alikuwa amesahau kuiambia tovuti kwamba lugha yake ni Kiswahili. Akaitengeneza.

Gakii naye akamkumbuka Phyllis, mwenzake wa kanisani, ambaye hasikii. "Huyo video zangu ataelewaje?" Wakaandika maneno chini ya kila video. Maandishi ya kijivu yaliyofifia wakayakoleza, kwa ajili ya wenye macho dhaifu.

Kila ukurasa Sabra aliujaribu. "Hapa nimekwama," alisema, na Joram akarudia.

"Wewe ni mkali kuliko bosi wangu," Joram alilalamika.

"Bosi wako hana mimba."

Siku ukurasa wa dalili za hatari ulipokamilika, Sabra aliingia chumbani, akafunga mlango, akavaa visikilizio. Alisoma kuhusu kutoka damu, kuumwa sana na kichwa, na kuvimba uso na mikono. Alisoma kuhusu mtoto anayepunguza kucheza. Aliogopa, hata akalia kidogo. Lakini mimi nasema, afadhali uogope ukijua kuliko utulie hujui kitu.

Mimba ilipoingia mwezi wa tisa, asubuhi moja Haji akiwa Lusail na wageni, Sabra alihisi mtoto amekuwa kimya. Alilala kwa ubavu, mkono tumboni. Kila siku baada ya chai mtoto humpiga mateke. Siku hiyo alijigeuza mara moja tu, kwa uvivu.

Akampigia Haji.

"Mtoto hachezi kama kawaida yake. Nakwenda hospitali."

"Si mama alisema..."

"Mama kakosea. Nimesoma mwenyewe: usisubiri kesho. Nachukua teksi, tukutane huko huko."

Haji hakubishana.

Hospitalini walimpima. Moyo wa mtoto ulikuwa ukipiga polepole mno. Daktari alieleza kwamba mtoto hapati hewa ya kutosha tumboni, na kwamba lazima atolewe kwa upasuaji bila kuchelewa. Sabra alikubali mara moja.

Alizaliwa mtoto wa kike, mdogo, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake.

"Mmefanya vizuri kuja leo," daktari alimwambia Haji. "Kesho tungeweza kumkosa."

Haji aliketi kwenye kiti cha ukumbini, akalia mbele za watu bila kujificha.

Sasa Joram hatoi ukurasa mpya kabla Sabra hajaupitia. Mtoto, waliyemwita Mariamu, anaongezeka uzito vizuri. Juzi Sabra alikuwa akimnyonyesha huku kisikilizio kikiwa sikioni. Alikuwa kwenye ukurasa wa afya ya mama baada ya kujifungua. Haji alisimama kando yake na nepi mkononi, akitaka kujua.

"Wanasemaje?" aliuliza.

"Ngoja kwanza," Sabra alisema. "Bado nasoma."

Haji akangoja.