Chungu cha Nyuma ya Kioo

Mimi nilipeleka magimbi tu. Kesho yake kulikuwa na wageni wanapanda kutoka Same kuja kutembelea hifadhi ya mlima wetu, na jiko la kituo cha wageni hununua kwangu, kwa sababu magimbi yangu hayawashi koo. Si kama ya Raheli, jirani yangu. Tuyaache hayo.

Jua lilikuwa linazama. Ukungu umeshuka mpaka langoni. Ndani nikamkuta Irine, binti wa mapokezi, kajifunga kichwa kwa khanga kama aliyejifungua jana.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Kichwa tena? Au kuna kijana huko Gonja hatujaambiwa?"

Hakucheka. Akanong'ona, "Tangu kile chungu kije, bibi. Kila jioni nikitaka kufunga kituo… anaingia mtu. Ananipapasa kichwa."

Nikasogea kwenye kabati la kioo. Chungu cheusi, mdomoni kina alama tatu za kucha. Kibao kimeandikwa: Chungu cha kupikia maharage.

Maharage! Sisi Wapare wa zamani tulimzika mtu, miaka ikipita tukafukua fuvu lake, tukalitia chunguni, tukalilaza pangoni msituni kwa wenzake. Na alama zile tatu ni za ukoo wetu. Nikajua ni chungu cha bibi yangu, mzaa baba; baba alinionyesha nikiwa mtoto.

"Kilichokuwa ndani kiko wapi?"

"Vitus, yule anayeongoza wageni, ndiye aliyeleta vyungu kutoka pangoni. Vyungu vingine vilivunjika njiani. Vilivyokuwamo vyote alivimwaga nyuma ya choo. Alisema ni mawe tu."

Mlango ukalia… kwiii.

Harufu ya udongo mbichi. Ya ugoro. Halafu hatua zenye maji… chwa… chwa… chwa…

Mwanamke aliingia, kajifunga kaniki. Mabega niliyaona. Juu ya mabega… ukungu.

Hakuwa na kichwa.

Akamwendea Irine, akaanza kumbonyeza kichwa kwa vidole, taratibu, kama mtu anayechagua boga sokoni. Macho ya Irine yakageuka meupe.

Miguu yangu ilitaka kukimbia. Nikaikatalia.

"Shikamoo bibi," nikasema.

"Marahaba."

Mdomo ulikuwa wa Irine. Sauti ilikuwa ya kikongwe.

"Hicho kichwa kiache! Kina mama yake huko Ndungu. Chako nakwenda kukiokota sasa hivi nyuma ya choo, nikupeleke pangoni. Lakini ukimbonyeza tena huyu mtoto, haki ya Mungu nakuacha hapo kwenye kioo, wageni wakupige picha na maharage yako!"

Vidole vikaachia. Kaniki ikayeyuka kama moshi, na Irine akaanguka kitini, analia kwa sauti yake mwenyewe.

Kibao cha pili kilisema usiguse. Nikafungua kabati, nikagusa, nikakibeba chungu. Nyuma ya choo nikachimbua tope kwa mikono, nikapata fuvu, nikalitia chunguni, nikajitwika. Mlinzi akapiga kelele, "Bibi, hiyo mali ya hifadhi!" Nikamwambia aandike jina langu, na alipigie mstari chini.

Njiani nikampa bibi habari zote: nani kaoa, nani kafumaniwa, mchungaji kahamishwa kwa nini. Chungu kikazidi kuwa kizito. Tulipofika mdomoni mwa pango, sauti ikatoka juu ya kichwa changu.

"Wewe ni wa nani?"

"Wa Eliezeri, mwanao."

"Sina mwana anayeitwa Eliezeri."

Nikakitua chungu polepole. Si yeye! Bibi yangu bado yuko kule topeni, na Vitus alimwaga mafuvu mangapi, Mungu ndiye anajua.

"Basi leo utalala humu pangoni kwetu," nikamwambia. "Kesho narudi kumtafuta wangu. Mko wangapi kule?"

Ndani ya chungu kikatoka kicheko. Si cha mtu mmoja. Kilikuwa cha wengi, wake kwa waume, na watoto.

"Chekeni," nikasema. "Nitawabeba wote, mmoja mmoja. Lakini atakayemgusa yule binti, namwacha chooni."